Kimya cha Sala na Kimya cha Kununa



Katika nyumba zetu hapa Eldoret kuna kimya cha aina mbili. Kimoja ni cha kununa: baba ameuza magunia ya mahindi bila kusema, mama anaandaa chakula mezani na kwenda zake kulala. Kingine ni cha sala. Kwa macho vinafanana, na wapo wanaojificha katika kile cha kwanza huku wameshika rozari.

Huulizwa mara nyingi: “Tukisali, mshauri nasaha wa nini?” Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha namna ya kuichunguza siku: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kukusudia la kesho. Mshauri wa familia wa siku hizi naye huwataka wenzi waanze na walichohisi: “Niliumia ulipouza mahindi bila kuniambia,” si “Wewe ni mwizi wa nyumbani.” Lakini atasemaje alichohisi mtu ambaye hajatulia akakitambua? Na mtu akiwa peke yake na sala zake anaweza kujidanganya miaka mingi. Mbele ya mwenzi wake na mtu wa tatu si rahisi.

Jaribuni hivi. Watoto wakishalala, zimeni redio na simu (hasa simu!). Kaeni kimya dakika kumi, kila mmoja akiipitia siku yake mbele ya Mungu. Kisha mmoja aseme jambo moja. Mwingine asijitetee, arudie alichosikia mpaka aambiwe, “Naam, ndivyo.” Ndipo zamu ibadilike. Anzeni na dogo. Mkopo na mambo ya wakwe yangoje.

Mshauri akiwafundisha kupumua polepole, msishtuke. Barua ya Vatikano ya tarehe 15 Oktoba 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo haikukataa kila mbinu iliyotoka kwingine. Ilionya tu kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu.

Wala mshauri si lazima awe msomi mkubwa. Mpango wa Tuko Pamoja, ulioanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, uliwafundisha watu wa kawaida wa mitaa ya Eldoret kusaidia familia za jirani zao.

Lakini palipo na kipigo, zoezi hili si lenu. Mke anayepigwa asiambiwe akae kimya atafakari. Aondoke kwanza mahali pa hatari, na jumuiya ndogo ndogo impokee. Naye mwenzi asiyelala usiku baada ya usiku, au anayesema amechoka kuishi, msindikizeni upesi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Novena mtaisali njiani.