Moto wa Vifaranga na Usingizi wa Watoto

Kifaranga hutoka katika yai baada ya siku 21. Mwili wake umefunikwa kwa manyoya mepesi kama pamba, nayo hayawezi kulinda joto lake. Kuku mama ana joto la karibu digri 41 mwilini, naye huwakusanya watoto wake chini ya mabawa, basi baridi haiwapati. Lakini siku hizi watu wengi hununua vifaranga walioanguliwa kwa mashini, 50 au 100 kwa mara moja. Hao hawana mama. Mtu aliyewanunua ndiye mama yao, na kazi yake ya kwanza ni kuwapa joto.

Katika nchi ya chini, kama Kindu au Kisangani, kazi hiyo si ngumu sana. Katika milima ya Lubero, ya Masisi na ya Walungu ni jambo lingine. Usiku baridi huingia mpaka mifupani. Tena nje kuna panya, paka na wezi. Kwa hiyo mwenye kuku hufanya nini? Huwaleta vifaranga ndani ya nyumba, huwaweka katika sanduku pembeni mwa chumba, na kando ya sanduku huweka mbabula yenye makala. Hufunga mlango, hufunga dirisha, huziba matundu kwa kikwembe cha zamani ili joto lisitoke. Halafu yeye na watoto wake hulala katika chumba kile kile.

Somo hili ni juu ya mbabula hiyo. Hatusemi kwamba watu waache kufuga kuku. Mayai ni chakula kizuri sana kwa watoto, na nyumba nyingi zingekuwa na watoto wenye nguvu zaidi kama yai lingeliwa na mtoto badala ya kupelekwa sokoni kila mara. Tunataka tu vifaranga na watoto waamke wote asubuhi.

Makala yanapowaka hutoa hewa yenye sumu. Waganga huiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Moshi wa kuni mbichi humfukuza mtu nyumbani: anakohoa, machozi yanatoka, anafungua mlango. Makala mekundu hayamfukuzi mtu. Yeye hufikiri, "Hakuna moshi, basi hakuna hatari," naye anakaa. Na makala yakifunikwa na majivu, katika chumba kisicho na hewa ya kutosha, hatari haipungui, bali huongezeka.

Sumu hiyo inafanya kazi katika damu. Damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Lakini monoksidi ya kaboni hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inakaa mahali pa oksijeni, kama mtu aliyekaa katika kiti cha mwingine na kukataa kuondoka. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo wake vina njaa ya oksijeni. Akiwa amelala, hapati hata nafasi ya kujua kwamba ni mgonjwa. Mama mwenye mimba awe na hofu zaidi, maana sumu huingia pia katika damu ya mtoto aliye tumboni, na huko hukawia kutoka.

Vifaranga wenyewe huwa wa kwanza kuumia. Ndege mdogo hupumua upesi sana, na sumu humjaa kabla ya mtu. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 munganga mmoja wa Scotland, John Scott Haldane, aliwafundisha wachimba makaa ya mawe kuchukua wanyama wadogo chini ya ardhi ili wawaonye. Huko Uingereza ndege wadogo walitumika katika mashimo hayo mpaka mwaka 1986. Ndege akianguka, watu hutoka mbio. Basi ukiamka na kukuta vifaranga wamekufa wengi pamoja, na kichwa chako kinauma, usianze kwa kumlaumu aliyekuuzia. Watoe watoto nje kwanza.

Ndugu wengi wa Goma na Sake wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde madogo, ambayo huua mbuzi na hata watoto. Mazuku ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini. Wengine wanafikiri hewa ya makala ni vile vile, nao husema, "Sisi tunalala juu ya kitanda kirefu, haitatufikia." Wanajidanganya. Hewa ya makala si nzito. Inachanganyika na hewa yote ya chumba, chini na juu, na aliye kitandani huivuta sawasawa na aliye juu ya mkeka. Pia sufuria ya maji karibu na mbabula haiondoi sumu hiyo. Na dirisha lililofunguliwa upana wa vidole viwili si ulinzi wa kutegemea usiku kucha.

Ulizo: Nitajuaje kwamba ni sumu ya makala, wala si malaria?

Jibu: Zote mbili huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na ulegevu. Ndiyo maana watu wengi hunywa dawa ya malaria asubuhi, na usiku hurudi kulala kando ya mbabula ile ile. Lakini sumu ya makala haileti homa. Tena watu wa chumba kimoja huugua pamoja asubuhi moja, na wakikaa nje saa chache huanza kupata nafuu. Ukiona hivyo, fikiri juu ya moto. Walakini mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama mlilala na makala.

Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye mbabula, usikimbilie kuinama kando yake. Vuta pumzi nje, fungua mlango na madirisha, mvute atoke upesi mpaka penye hewa safi. Kama hapumui, mpulizie pumzi kinywani mara hiyo, huku mwingine akitafuta namna ya kumpeleka hospitali. Usimpe maziwa. Tunajua kwamba watu wengi husema maziwa huondoa kila sumu, lakini sumu hii haiko tumboni, iko katika damu, na maziwa katika kinywa cha mtu aliyezimia huingia mapafuni. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida damu huhitaji saa nne au tano kuondoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni safi ya hospitali, saa moja au zaidi kidogo.

Na mkifika, mwambieni munganga wazi: "Tulilala na makala." Msione haya. Kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni hudanganywa na sumu hii. Kinaonyesha namba nzuri, na mgonjwa yuko karibu kufa. Munganga asipoambiwa habari ya makala, anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Sasa, vifaranga wapate joto namna gani?

Njia iliyo bora ni kuku anayeatamia. Kama unaye, mtie vifaranga kumi au zaidi kidogo chini yake wakati wa usiku, naye mara nyingi huwapokea kama watoto wake.

Kama huna, tengeneza sanduku la majani, lisilo na moto wowote. Chukua sanduku la mbao. Ndani yake zungusha ukuta mdogo wa mianzi au wavu, na kati ya ukuta huo na mbao jaza majani makavu, upana wa kiganja au zaidi, yakikazwa vizuri. Juu weka mto wa gunia uliojazwa majani makavu, lakini acha matundu ya hewa. Nafasi ya katikati iwatoshe vifaranga kulala karibu karibu bila kupandana. Joto lao wenyewe halitoki, linawarudia. Mchana kukiwa na jua watoke kula na kutembea, jioni warudi. Majani yakilowa, yabadilishwe, kwa maana majani yaliyolowa huleta baridi na ugonjwa.

Vifaranga wakiwa watano au sita tu, joto lao halitoshi. Katika majuma mawili ya kwanza milimani halitoshi hata wakiwa ishirini. Basi chemsha maji jikoni, yaache yapoe kidogo, yatie katika bidoni ndogo, funga vizuri, izungushie kikwembe mara mbili, uiweke upande mmoja wa sanduku. Kifaranga awe na nafasi ya kuiegemea na nafasi ya kuikimbia. Katikati ya usiku badili maji. Ndiyo, ni taabu kuamka, lakini mama wa mtoto mchanga huamka pia.

Penye umeme, taa yaweza kutumika, yaani ile ya zamani inayotoa joto. Zile mpya zinazotumia umeme kidogo hazipashi kitu. Uifunge kwa waya wa chuma, usiitundike kwa kamba yake ya umeme, nayo iwe mbali na majani. Nyumba nyingi huungua kwa taa iliyoanguka. Taa ya petroli ndani ya sanduku hatuipendi hata kidogo: inatoa sumu, inapinduka, na petroli ya sokoni mara nyingine imechanganywa na esansi.

Kama una vifaranga wengi na huna budi kutumia makala, wajengee kibanda chao mbali na nyumba, chenye matundu makubwa juu ya kuta, na mtu asilale humo, hata mlinzi. Hii inafaa pia kwa sababu ya mavi ya kuku, ambayo huleta kuhara kwa watoto wanaotambaa. Kila anayewashika vifaranga anawe mikono kwa sabuni.

Juma la kwanza kifaranga anataka digri 32 mpaka 35, na kila juma punguza karibu tatu. Kama huna kipimo, watazame wenyewe. Wakirundikana na kulia sana, wana baridi. Wakienda mbali na joto huku midomo imefunguka, wameungua. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wamelala kimya, waache hivyo hivyo. Karibu na juma la tano wengi wamepata manyoya ya kweli, na bidoni yaweza kurudi kazi yake ya kuchotea maji.