Moteri Inachemka: Tutafute Sababu



Mara nyingi tunaona motokari imesimama katika mlima, mvuke inatoka, shofere anatafuta karoboi. Anamimina maji, anaendelea, na kisha kilometa chache inachemka tena. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria maji ya baridi tu. Homa itarudi, na siku moja moteri itakufa.

1. Kazi ya maji
Katika nguvu yote ya esansi ao mazuti, karibu fungu moja tu kati ya matatu linasukuma gari. Mengine yanakuwa joto. Sehemu inatoka na moshi, sehemu inabaki ndani ya chuma. Hiyo ndiyo maji yanapashwa kupeleka kwa radiateri ili upepo uipoze.

2. Bushoni ya radiateri
Tulijifunza katika fizika kwamba mahali pa metre 1.800, kama pengi katika milima ya Lubero, maji yanachemka kwa digri 94 hivi, si 100. Bushoni nzima inafungia mkazo ndani, maji yasichemke upesi. Ikiwa kaochu yake imekatika, tubadilishe. Lakini tusiifungue hata kidogo moteri ingali moto: maji yataruka na kuunguza uso. Tena tusimimine maji ya baridi juu ya chuma cha moto, kulasi itapasuka. Tungojee ipoe.

3. Inachemka wakati gani?
a) Maji yanapunguka kila siku: asubuhi tuangalie chini ya gari, kisha tiyo zote, radiateri na pompi ya maji.
b) Inachemka ikisimama ao ikienda polepole, lakini inapoa katika mbio: upepo haufiki. Tutazame ventilateri na mkaba wake. Mkaba ukilegea, tukaze. Majani na matope ku radiateri, tuoshe.
c) Inachemka katika mlima ao mbio: labda radiateri imezibwa ndani na kutu, ao termosta haifunguki. Tutoe termosta, tuitie katika sufuria ya maji juu ya moto pamoja na termometre. Digri zimeandikwa juu yake, mara nyingi 82 ao 88. Isipofunguka, imekufa. Wengine wanaitupa na kutembea bila hiyo. Si vizuri: moteri inakaa baridi, inakula esansi mingi na kuchakaa mbele ya wakati.
d) Maji yanapotea bila kuvuja, mapovu yanaonekana ndani ya radiateri, mafuta yanageuka kama maziwa: joenti ya kulasi imeungua. Tusiwashe tena. Hapo ni kazi ya fundi.

Tuanze siku zote na vitu vyepesi: maji, bushoni, tiyo, mkaba. Mkaba uliolegea unakazwa kwa ufunguo mmoja. Kulasi iliyopinda inakula feza ya miezi mingi.

Maulizo
1. Sababu gani maji yanachemka upesi katika milima?
2. Gari inachemka sokoni tu, si katika barabara. Tutaangalia nini kwanza?
3. Kwa nini tusitupe termosta?