Dondoo muhimu: Ukipewa vyanzo kwenye mtihani wa Historia

Anza na swali, kisha vyanzo. Watahiniwa wengi hufanya kinyume, wakamaliza robo saa wakinakili maneno ya chanzo ambayo msahihishaji anayo tayari mezani.

Kila chanzo kihoji: nani kakiandika, lini, kwa ajili ya nani? Chukua Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, 1905 hadi 1907. Ukipewa kipande cha kitabu cha Gavana von Götzen cha 1909, kumbuka vita vilizuka yeye akiwa madarakani. Ana utawala wake wa kuutetea. Ukiwekewa pembeni simulizi za wazee zilizokusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, hapo utasikia habari za kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Lakini nazo zina miaka sitini katikati. Usiandike “chanzo hiki kina upendeleo” ukaishia hapo. Sema upendeleo huo umeficha nini, na bado kinatufaa kwa lipi. Hata gavana anayejitetea anatuonyesha Wajerumani waliogopa nini.

Vyanzo vikipingana, furahi. Hapo ndipo penye alama: vilinganishe ndani ya aya moja, visikae kila kimoja na chumba chake.

Ongeza unachokijua nje ya karatasi, mfano njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Na mwandiko, tafadhali, usomeke.