Kigugumizi kwa Watoto: Chanzo Chake na Namna ya Kusaidia

Kigugumizi ni hali ya usemi kukatika. Mtoto hurudia sauti, huivuta au hukwama, ilhali analijua vema neno analotaka kulisema. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, zaidi kwa wavulana. Chanzo chake ni namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hakitokani na upungufu wa akili wala malezi mabaya; woga na haraka hukizidisha tu.

Watoto wengi hupona kadiri wanavyokua. Hata hivyo, anayechekwa darasani huacha kunyoosha mkono. Akitumwa Soko la Majengo, hurudi bila kitu kwa kuogopa kuuliza bei.

Wazazi, walimu na majirani wazingatie haya:

1. Msikilize mtoto hadi amalize, usimmalizie neno.
2. Zungumza naye polepole, bila kumhimiza aharakishe.
3. Usimwige wala kumcheka.

Hali ikizidi miezi 6, au mtoto akianza kukwepa kuzungumza, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu na muulizie rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Mtoto anayesubiriwa hupata ujasiri wa kusema.