Kabla Hujalipia Programu ya Kumbukumbu

Mdogo wangu unayelea mwana mwenye Duchenne, ule ugonjwa wa kudhoofisha misuli, njoo tuzungumze. Najua mawazo yako yote yako miguuni mwake: vigimbi vilivyojaa, anavyojishika mapaja ili ainuke, kiti cha magurudumu ambacho wengi hukihitaji wakikaribia miaka 12. Halafu mwalimu anakuambia mtoto hashiki masomo. Nyumbani nako unamtuma vitu vitatu, analeta kimoja.

Si kiburi, wala si uvivu. Distrofini, ile protini inayokosekana kwenye misuli yake, ina kazi pia kwenye ubongo. Ndiyo maana watoto wengi wenye Duchenne, ingawa si wote, huchelewa kujua kusoma na hupotewa na maneno wanayoambiwa kwa mkupuo. Ila udhaifu huu hauzidi mwaka hadi mwaka kama ule wa misuli. Lishike hilo, maana wapo akina mama wanaolia usiku wakidhani akili nayo inazimika.

Sasa hizo programu za kompyuta za kufundisha kumbukumbu unazoniuliza. Inayojulikana sana ni Cogmed, iliyotokana na kazi ya Torkel Klingberg wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi. Kwa kawaida mtoto hufanya mazoezi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5. Anasikia tarakimu, anazirudia kinyumenyume. Akipatia, zinaongezwa, akikosea, zinapunguzwa. Kwa mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake, kupata mchezo wa kushinda akiwa ameketi si jambo dogo.

Lakini tuambizane ukweli. Mwaka 2013, Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walipima kwa pamoja tafiti nyingi za mafunzo ya namna hii. Watu waliboreka kwenye mazoezi yenyewe na yanayofanana nayo, ila kwenye kusoma na hesabu hakukuonekana faida ya kuaminika. Kwa hiyo ukiipata bila kujiumiza, acha mtoto afanye. Usikope, na fedha za dawa na kliniki usiziguse.

Nguvu yako ielekeze kwenye namna unavyosema naye. Mpe agizo moja, mwache alirudie kwa maneno yake, alimalize, ndipo utoe la pili. Ratiba ya asubuhi ichore kwa picha, ibandike ukutani, ili asitegemee sauti yako peke yake. Akianza kusoma, rudi kwenye sauti za herufi na silabi bila haraka, kila siku kidogo, kabla hajachoka. Jioni mwili wake umekwisha, na masomo ya saa hizo huishia kwenye machozi.

Kisha nenda shuleni na barua ya daktari. Omba akae mbele, maswali asomewe na pia aandikiwe, na kwenye mitihani apewe muda wa ziada. Mwalimu akisema tena kwamba mtoto ni mzito, mweleze habari ya distrofini kama nilivyokueleza, mtoto akiwepo na akisikia.