Dondoo muhimu: Stendi ya pembeni isizame

Kwenye mchanga au tope, ncha nyembamba ya stendi huzama polepole hadi pikipiki ilale. Mpe fundi wa kuchomelea bamba la chuma la milimita 3 au 4, ukubwa wa sentimita 6 kwa 8 hivi, aliunge chini ya ncha. Pimeni pikipiki ikiwa imeegemea, ili bamba lilale bapa chini. Kona zake zipigwe tupa. Stendi ifunguliwe kabla ya kuchomelewa. Ikigoma kutoka na ikabidi ichomelewe ikiwa kwenye pikipiki, kwanza chomoa waya hasi wa betri.

Kurefusha stendi ni jambo la kufikiria mara mbili. Mzigo mzito nyuma hukandamiza shokapu na pikipiki husimama wima zaidi. Stendi ikiwa ndefu mno, kuguswa kidogo tu kunaiangushia kulia. Waliofunga shokapu ndefu ndio wenye sababu ya kuongeza, tena milimita chache.

Mwisho, ikunje stendi: isiguse mnyororo, na springi iivute hadi juu kabisa. Springi iliyolegea ibadilishe siku hiyo hiyo, kwa sababu stendi ikishuka safarini na kugonga lami kwenye kona ya kushoto, humwangusha dereva na abiria wake.