Urefu, Kimo, Kina na Juu

Tunasema mtu mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu. Mtu amekwenda juu. Kamba imelala. Kisima kimekwenda chini. Neno ni moja, lakini vipimo ni vitatu. Tukizungumza, tunaonyesha kwa mikono. Katika barua mikono haionekani. Kwa hiyo tuchague neno linalofaa.

1. Urefu
Ni kipimo cha kutoka ncha moja hadi ncha ya pili. Katika Bandari Kavu ya Kwala, iliyozinduliwa mwaka 2025, watu hutaja kontena la futi 40. Futi hizo 40 ni urefu wa kontena likiwa limelala.

2. Kimo
Ni kipimo cha kutoka chini hadi juu. Kontena la kawaida la futi 40 lina kimo cha futi 8 na nusu tu. Kwa mlima, watu husema urefu. Mlima Kilimanjaro una urefu wa meta 5,895. Hapo hatukosei, kwa maana mlima haulali.

3. Kina
Ni kipimo cha kwenda chini ndani ya maji au shimo. Ziwa Tanganyika lina urefu unaopita kilometa 650. Kina chake ni karibu meta 1,470.

4. Juu
Neno hili si kipimo. Linaonyesha mahali kitu kilipo. Kunguru akitua kwenye ncha ya nguzo, nguzo ni ndefu, kunguru yuko juu. Kunguru si mrefu.

Kwa nini tujali?
Tuseme unapatana na fundi akuchimbie shimo la choo. Umeandika: "Shimo lenye urefu wa futi 12." Fundi anaweza kuchimba mtaro wa futi 12, wenye kina cha futi 3, kisha akadai fedha zake. Karatasi itamtetea yeye. Andika hivi: "Shimo lenye urefu wa futi 4, upana wa futi 3, na kina cha futi 12." Hapo hakuna ugomvi.

Mazoezi
Jaza nafasi kwa neno linalofaa: urefu, kimo, kina, juu.
(a) Nyaya za umeme wa reli ziko ______.
(b) Maji ya kisima yapo kwenye ______ cha futi 30.
(c) Nimenunua kamba yenye ______ wa meta 20.
(d) Mtoto amepimwa uzito na ______.

Sasa andika mapatano mafupi na fundi wa kisima. Taja vipimo vyote. Msomee mwenzako, kisha mwambie achore kisima hicho. Je, amechora ulichokitaka?